Nikingoja Moto wa Maji

Mwihoko, Ruiru
10 Machi 2024

Kwa Njambi wangu, Maitu, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimia kwa jina la Yesu, na nikimaliza nakusalimia tena kwa jina langu mwenyewe, kwa sababu hiyo ya kwanza inapewa kila mtu. Uko aje huko Ujerumani? Unakula? Usinijibu "nakula, Mami" kama kwa simu. Niandikie ni chakula gani na nani amepika.

Sisi tuko. Ndugu yako Njau amepata kazi mpya, anaendesha zile basi za stima za kutoka Thika kuingia Nairobi. Nelima wa mlango wa pili amepata mjukuu huko kwao Bungoma, msichana, na sasa hatupumui kwa sababu ya picha. Mimi bado nachemsha githeri yangu ya kuuza, mahindi na maharagwe, hapo kwa veranda ya ploti, na watu wa asubuhi bado wanakuja na mabakuli. Makaa tu ndiyo imekuwa na maringo. Siku hizi inatoa moshi kama mtu amekasirishwa.

Sasa neno lenyewe. Picha yako imefika. Nimekuangalia umesimama kando ya hiyo basi na nguo ya kazi, mpaka Njau akaniambia, "Mathe, utaitoboa na macho." Halafu nikasoma ile umeandika, kwamba hiyo basi inatumia hewa inaitwa haidrojeni, hewa inatolewa ndani ya maji, na kwamba nyuma haitoi moshi, inatoa maji. Wui, Njambi! Nilisoma nikarudia. Alhamisi nikabeba barua mpaka kwa maombi ya akina mama nikasimama nikasema, mtoto wangu anatengeneza basi inakojoa maji safi. Nisamehe, ilitoka hivyo. Wakapiga makofi. Mama mchungaji akauliza kama hiyo maji mtu anaweza kunywa, nikamwambia nitauliza mwenyewe. Sasa nauliza.

Na kuna hiyo kitu uliandika mwisho kabisa, kwamba iko siku hata jikoni watu watapika na hiyo hewa, moto wa kutoka kwa maji, hauna moshi hata kidogo. Hayo maneno nimeweka. Nimewaambia wamama sisi tunangoja moto wa maji wa Njambi.

Tuendelee hivi: simu iwe ya salamu ya Jumapili, karatasi iwe ya maneno. Kwa simu mimi huwa nasema niko sawa kabla sijaulizwa.

Ni mimi mama yako, anayekuombea hata ukiwa umelala,
Kanini


Ujerumani
9 Aprili 2024

Kwa Mami mpendwa,

Jana nimekula viazi, na leo viazi, na kesho nadhani unajua. Mkate wa hapa ni mweusi na mgumu, ukiuangusha unaangalia kama sakafu imeumia. Lakini Jumapili napika ugali na Idah, yule msichana wa Kisii niliyekuambia tunaishi naye, na anayepika ni mimi kwa sababu yeye anapika uji halafu anauita ugali. Kwa hivyo ninakula, Mami. Mwambie Nelima hongera, na umwambie Njau asijifanye dereva mkubwa, mimi ndiye ninayejua basi ikifunguliwa tumbo ikoje.

Mwambie mama mchungaji maji yale niliyaonja. Siku yangu ya kwanza karakana, theluji imejaa nje, fundi wetu mkubwa aliwasha basi akaniambia niweke mkono pale nyuma. Nikaweka. Likadondoka tone, halafu lingine, la uvuguvugu, safi kama chozi. Nikalamba. Halina ladha yoyote, hata ya chumvi. Yule mzee akacheka akasema kila fundi mgeni hufanya hivyo, hata yeye alifanya. Mami, nilisimama pale mkono umelowa, nikafikiria vile tulivyokuwa tukifunga pua na leso kando ya barabara ya Thika. Gari kubwa hivyo, limebeba watu, na kinachobaki nyuma ni tone.

Hiyo ya jikoni itachukua muda kidogo. Lakini itakuja.

Jumapili iliyopita kwa simu nilisikia mtu akikohoa. Ni nani?

Binti yako,
Njambi


Mwihoko
2 Juni 2024

Njambi, Maitu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, kama sisi sote. Hii mvua ya mwaka huu haijawahi kuonekana. Wale wa nyumba za chini huku Mwihoko walitoa godoro kupitia dirisha. Sisi Mungu alituhurumia, ni veranda tu iliingia maji, na nilibeba jiko nikaingiza ndani ya nyumba, nikawa napikia hapo hapo mlango ukiwa wazi. Haikuwa mbaya. Ukuta tu ndio umekuwa mweusi.

Huyo ulisikia akikohoa ni mtu wa redio.

Sasa keti nikuambie kitu nimeona. Njau alinichukua siku yake ya mapumziko tukaenda Thika nione mahali basi zake zinawekwa stima. Mimi nilidhani nitapata kelele na mafuta ya kuteleza. Nimepata kimya. Basi zimepangwa kama ng'ombe wakati wa kukamuliwa, kila moja na kamba yake nene, zinanyonya. Nilitoa viatu kwa akili, hapana kwa miguu, kama mtu ameingia mahali patakatifu. Nikaweka mkono kwa ubavu wa moja, na ilikuwa inatetemeka kidogo tu, vile mnyama akishiba hufanya.

Nikauliza Njau, "Injini yake iko wapi?"

"Haina injini ya ile unajua, Mathe. Iko na betri na mota."

"Na moshi inapitia wapi?"

"Haina moshi."

"Basi maji inatokea wapi?"

Akacheka mpaka akashika basi. "Hiyo ya maji ni ya Njambi. Yake inatoa maji, yangu haitoi kitu kabisa. Nani ameshinda?"

Halafu akaiendesha kidogo hapo uani mimi nikiwa nimesimama, na ilinipita bila sauti, kubwa hivyo, nikasikia tu gurudumu ikitafuna mawe. Njambi, nywele zilisimama. Nilisema asante Mungu kwa sauti, na askari wa geti akasema amina bila kujua ni ya nini.

Halafu nikakumbuka wewe. Niliona ni kama nimekula kwa jirani na wewe umenipikia. Basi yako bado ni namba moja.

Njau ameniletea sanduku fulani, kubwa, zuri. Nimelifunika na kitambaa cha kushona, nikaweka picha yako juu. Imekuwa meza.

Mama yako,
Kanini


Ujerumani
30 Juni 2024

Mami,

Habari za siku nyingi. Hapa ni kiangazi, jua linakataa kwenda kulala, saa nne za usiku bado kuna mwanga na watu wanakula nje kama harusi. Idah amenisuka. Kanisani tumepata Wakenya wengine wawili, mmoja anatoka Juja, tukaongea Kikuyu mpaka Wajerumani wakahama kiti.

Kazi ni sawa. Basi ziko.

Redio haikohoi, Mami. Na ndani ya hilo sanduku kuna nini?

Njambi


Mwihoko
11 Agosti 2024

Maitu,

Salamu kutoka kwa baridi. Julai ilikuja na blanketi yake na ikakataa kuondoka. Nelima anasema kwao hakuna baridi ya namna hii, nikamwambia basi arudi, akasema hawezi kuniacha, nani atanichokoza. Njau yuko salama, amenona.

Barua yako ilikuwa fupi. Niliigeuza nione kama kuna upande mwingine.

Kwa hiyo umeniuliza sanduku lina nini nami nataka kuuliza jambo langu. Nianze na lako. Ni sufuria ya stima. Ile ya kufunga kifuniko, kama ya Nelima, unaweka maharagwe na maji unaenda kufua, unarudi imeiva. Njau alininunulia mwezi wa tano. Sijaifungua.

Nelima alikuja akaona kitambaa, akakiinua. "Mama Njau! Wewe una hii kitu na unalala na moshi kama nyama ya kukaushwa?"

Nikamwambia, "Mtoto wangu ameniahidi moto wake."

"Ule wa maji?"

"Ule wa maji."

"Utakufa ukingoja maji ishike moto. Mimi hapa nimekula maharagwe, nimeosha vyombo, nimepaka mafuta miguu, na wewe bado unapepea."

"Wewe kula. Mimi nangoja."

Alienda akiwa amenuna, lakini alirudi na bakuli ya maharagwe yake. Ilikuwa laini, sitadanganya. Lakini fikiria, Njambi. Nimesimama mbele ya wamama nikasema tutangoja. Wewe uko huko mbali, kwa theluji, unajifunza hiyo kazi, halafu mimi mama yako mwenyewe niwe wa kwanza kuenda upande wa Njau? Mtu akiuliza, kwani hata mama yake hakumwamini? Hapana. Hiyo sanduku ni meza yako.

Kifua kinanisumbua kidogo. Ni baridi.

Sasa langu. Ulipokuwa mdogo ukivunja kikombe nilikuwa nakuuliza, Njambi, vikombe viko aje? Na wewe unaniambia, "Vikombe viko." Juzi umeniandikia "basi ziko". Na Jumapili kwa simu nilikuuliza habari ya basi ukaniambia kuna mvua.

Nangoja. Mimi najua kungoja.

Mama yako,
Kanini


Ujerumani
22 Septemba 2024

Mami wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na karatasi zote zimeenda kwa takataka. Sina salamu ndefu. Niko mzima, Idah ni mzima, leo tumekula ugali.

Basi za haidrojeni zimeegeshwa tangu mwezi wa tano. Hazijaharibika, ni mji umeziacha. Wameleta za betri, kama za Njau. Siku ile zilipokuja nilikuwa nimeshika ufunguo wa ile basi ya kwenye picha, na fundi mkubwa akaniambia niupeleke ofisini. Nilitembea nao mfukoni mpaka jioni.

Acha nikueleze, kwa sababu wewe ukielewa nitalala. Haidrojeni haichimbwi, Mami, inatengenezwa. Unachukua stima nyingi unapasua maji, unapata ile hewa. Halafu unaifinya sana iingie kwenye mtungi, unaibeba, na ndani ya basi inageuzwa kuwa stima tena, ndiyo isukume magurudumu. Unakumbuka ukituambia vile mlikuwa mkichota maji mtoni na debe bovu? Ni hivyo. Debe tatu za stima zinaingia, na kwa magurudumu inafika moja. Ya betri, ukiweka tatu zinafika mbili na zaidi. Maajabu niliyoona mkononi mwangu ni ya kweli, lile tone ni la kweli. Lakini njiani inamwaga mno. Hiyo hewa itapata kazi yake, kwenye viwanda vya chuma na vya mbolea, mahali betri haiwezi kusaidia. Basi ya mjini si kazi yake.

Na jikoni ndiyo kabisa. Kutengeneza haidrojeni na stima halafu uichome chini ya githeri, wakati stima yenyewe inaweza kuingia kwenye sufuria moja kwa moja! Niliandika ile sentensi nikiwa na furaha, mkono bado umelowa. Sikujua utaishikilia hivi. Nilipokuandikia "itakuja" tayari watu walikuwa wameanza kunong'ona karakana, na nikaandika tu, kwa sababu wamama walikuwa wamepiga makofi.

Hawajanifukuza. Wananifunza betri sasa. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, si mbele yako, mbele ya makofi.

Lakini Mami, ukaniandikia kuhusu sanduku, na tangu siku hiyo silali. Unameza moshi kwa ajili yangu. Ungoje nini? Hakuna kinachokuja. Kilichokuwa kije kiko chini ya picha yangu, kimefunikwa kitambaa. Toa picha. Fungua.

Na Jumapili ulifunika simu na leso, lakini nilikusikia. Cucu Njambi, mama yako mwenye jina langu, alikufa na nini? Sijawahi kuambiwa.

Binti yako,
Njambi


Mwihoko
3 Novemba 2024

Njambi, Maitu, mama yangu,

Salamu nyingi. Njau anakusalimia na anasema hatacheka. Alicheka kidogo, nikamwangalia, akawacha. Mjukuu wa Nelima ameanza kukaa.

Nilikaa na barua yako. Nilikasirika. Hapana kwa sababu ya basi. Basi ni basi, hata za hapa zilikuwa za rangi hii zikawa za ile. Nilikasirika kuona umezunguka na ufunguo mfukoni siku nzima na mimi niko hapa nasifu picha.

Sasa nijibu. Mama yangu alikohoa. Alikuwa anapikia ndani ya nyumba ya kuni, hapo juu Gatanga, maisha yake yote, na alianza kukohoa asubuhi, halafu asubuhi na jioni, halafu siku moja hakukuwa na asubuhi. Tulikuwa na picha yake moja tu. Ilikuwa imetundikwa jikoni, na moshi ikamla uso, akabaki kitambaa cha kichwa. Ndiyo sababu hujawahi kumwona. Sikukuambia kwa sababu nilianza kukohoa vile vile, na kitu ukiandika inakaa.

Nimeenda zahanati Ruiru. Daktari, msichana mdogo kama wewe, alisikiliza mgongo wangu akauliza, "Mama, unapikia nini?" Hakuuliza kitu kingine. Amenipa dawa ya kuvuta, na amesema moshi ikome.

Basi tulifungua sanduku. Ilikuwa mchana, Jumamosi. Nelima alikuja na kiti chake kama mtu wa kuangalia mpira. Nilitoa picha yako nikampa aishike, nikatoa kitambaa nikakunja. Sufuria ilikuwa inang'aa ndani mpaka nikajiona. Nikaweka maharagwe na mahindi na maji, Njau akafunga kifuniko, akabonyeza. Ikalia kidogo kama ndege. Halafu kimya.

Nikauliza, "Imekataa?"

Nelima akasema, "Hiyo ndiyo kazi yake. Haipigi kelele kama wewe."

Nilikaa hapo nimeshika upepeo. Mkono haukujua mahali pa kwenda. Nikamwuliza Njau, hii moto ambayo siioni inatoka wapi, kwa sababu kila moto nimewahi kupikia nilijua imetoka wapi, kuni ya nani, gunia ya nani. Akaniambia nyingi inatoka huko Olkaria, upande wa Naivasha. Chini ya ardhi mawe yana moto, na kuna maji imepatana na hayo mawe, imechemka tangu kabla watu hawajakuwa. Wametoboa shimo, mvuke inatoka kwa nguvu, inazungusha mashini, stima inatembea kwa nyaya inapanda milima mpaka hapa Mwihoko.

Haiya! Nikasimama. "Rudia hapo kwa maji," nikamwambia. Akarudia.

Njambi, ninaeleza vile naweza. Hapo kwa miguu yangu, chini kabisa, Mungu amekuwa na sufuria yake kwa moto siku zote, bila makaa, bila kupepea. Mama yangu alikuwa anapasua kuni juu ya hiyo. Na mimi nimekuwa nikiuliza Ujerumani waniletee. Nilitoka nje nikaangalia upande wa Naivasha, mahali hakuna kitu cha kuona, ni mabati na nguo za watu, na nikashindwa kuomba kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nelima alinifuata, bado ameshika picha yako.

Kifuniko kilipofunguka mvuke ilitoka kama mtu ameshusha pumzi. Githeri ilikuwa imeiva, ngozi ya maharagwe bado ni nzima. Nilimpakulia kila mtu. Alhamisi nikasimama mbele ya wamama nikawaambia: Njambi ameniandikia, ile ya basi imebadilika, mtoto bado anajifunza, lakini moto wa maji ulifika kitambo na sisi tulikuwa tumeuwekea kitambaa. Mama mchungaji akauliza kama huu nao unaweza kunywewa. Walicheka. Hakuna aliyekucheka wewe. Nilikuwa nawaangalia.

Bado nakohoa asubuhi. Jioni hapana.

Sanduku limekuwa tupu na haliwezi kuwa meza, linabonyea. Njau ameniosha ukuta, ule mweusi, na sabuni na mchanga, ameupaka rangi. Picha yako nimeitundika hapo hapo, jikoni, juu ya sufuria. Nikipika naangalia juu. Ukija Desemba utajiona, uso wote.

Ni mimi, mtoto wa Njambi na mama wa Njambi,
Kanini